Damu Inarudishwa Ifakara

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefika. Kutoka Mlimba gari limekwama kwenye tope mara nyingi hata dereva akaacha kulaani, na dereva akiacha kulaani ujue amekata tamaa.

Kituo chetu ni ghala la mabati kwenye kitongoji kimoja ng'ambo ya Masagati. Hapa kampuni itanunua mpunga msimu huu. Kazi yangu ni kusimika antena juu ya paa, kufunga ruta, kisha kuzipanga skana za mkononi zizungumze na ruta hiyo, ili kila gunia likimulikwa kwenye lebo yake, ofisini Ifakara walione papo hapo. Bosi wangu Steven alisema wiki mbili. Steven akisema wiki mbili, mimi hufungasha nguo za mwezi.

Nimepanga chumba kwa Apolonia, ambaye hapa wote wanamwita Mama Balbina. Mumewe yuko bondeni, analala kwenye dungu akiamia ndege na nguruwe pori mpaka mpunga ukatwe. Nyumbani yupo yeye, bintiye Balbina wa miaka minne, na baba mkwe ambaye anaumwa kifua na hatoki ndani.

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa mito, ng'ombe, radi, na watu wanaonitazama bila kusema kitu. Mama yangu kule Lipangalala, Ifakara, husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa kwa tabia hii. Basi naandika, maana nikiandika woga hupungua kidogo.

Jumatano, 30 Aprili

Antena imesimama. Mvua kutwa. Nilipanda paani huku nasali Salamu Maria, nikashuka nazo bado hazijaisha.

Ijumaa, 2 Mei

Skana zote hazikuuona mtandao. Simu yangu inauona, kompyuta inauona, skana hazioni hata harufu. Nimehangaika toka asubuhi, nimebadilisha nywila, nimezima, nimewasha.

Dionisi alikuwa amekaa juu ya magunia matupu ananitazama. Yeye ndiye mpokeaji mpunga, Mpogoro wa Mahenge, kijana mwema ila mdomo haufungi.

"Dada Eveline, hizi mashine zimegoma, au zinakudharau?"

"Nyamaza nifikiri."

"Mimi nikinyamaza naumwa."

Mwisho nikagundua. Kiwandani skana ziliwekewa sheria za nchi nyingine, na huko chaneli za redio zinaishia kumi na moja. Ruta yetu ilikuwa inarusha kwenye ya kumi na tatu. Inaita, lakini kwa sauti ambayo wenzake hawana masikio nayo. Nikaishusha ruta hadi chaneli ya sita, nikabadilisha nchi kwenye skana moja moja, na zote zikashika. Dionisi akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.

Balbina alikuja na mama yake akaona Dionisi anajaribu kumulika lebo: mstari mwekundu, halafu pii! Akacheka mpaka akakaa chini. Sasa kila akiniona anasema "pii".

Jumapili, 4 Mei

Baada ya misa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Joachim, alikuja ghalani na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, macho yakiwa kwenye skana.

"Kile kitaa chekundu kinatafuta nini?"

Nikamweleza vizuri. Nikasema mzee, mashine ikipiga mwale tu, ilichokiona kinapita hewani, Ifakara wanakipokea saa hiyo hiyo, hata kabla hujafumba jicho. Nilijisikia mwalimu.

"Hewani," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu, akaondoka. Sikupenda namna alivyoondoka. Namwogopa yule mzee.

Alhamisi, 8 Mei

Babu yake Balbina amefariki alfajiri. Mama Balbina amelia mpaka sauti imekauka. Kazi imesimama, wote tuko msibani.

Ijumaa, 9 Mei

Tumezika. Mume wa Mama Balbina alikuja kumzika baba yake, jioni akarudi dunguni. Naandika yote.

Marehemu alikuwa Mngoni wa Songea, alikuja huku ujanani akaoa akabaki. Dionisi ni Mpogoro. Wangoni na Wapogoro ni watani, na mtani hasubiri kukaribishwa msibani. Asubuhi alikalia rundo la udongo wa kaburi akawazuia watu wasifukie mpaka apewe jogoo. Akajifanya analia, akamuuliza marehemu, "Mngoni wewe, mbuzi wangu nitamdai nani sasa?" Watu wakacheka, na wafiwa wakacheka huku wanafuta machozi. Ndiyo dawa yenyewe ya utani, nami nilicheka.

Halafu akatoa skana kwenye koti.

"Wangoni hawapokelewi mbinguni bila lebo," akasema. "Ngoja niwahesabu waliobaki, nisije nikadanganywa."

Alikuwa amebandika lebo ya gunia kwenye kiganja. Akapita mstari wa wafiwa, kiganja mbele ya paji la uso, mwale, pii! Mwingine, pii! Ukoo wa marehemu walikuwa hoi kwa kicheko. Balbina akakimbia mbele, akapigiwa, akasema "na mimi tena", akapigiwa tena.

Lakini lebo iliyokuwa kiganjani waliiona wachache. Waliosimama mbali waliona mstari mwekundu kwenye vipaji vya nyuso, wakasikia mlio. Fidelis, kaka yake Mama Balbina, alikuwa ametoka shambani na mundu bado uko mkononi. Yeye si wa ukoo wa marehemu, utani ule haumhusu. Hakucheka. Alimtazama mpwa wake, akaitazama mashine, akatema mate pembeni.

Nilimwambia Dionisi baadaye, usirudie. Akasema, "Dada, huu ni utani wa babu zetu. Wewe umekulia mjini, umesahau." Huenda nimesahau.

Jumatatu, 12 Mei

Mpunga wa kwanza umeingia, mbichi kidogo. Skana zinafanya kazi. Mvua haitaki kuisha.

Alhamisi, 15 Mei

Leo wameleta magunia, lakini watoto hawakuja. Kila siku walikuwa wanajaa mlangoni kusikiliza pii. Leo hata mmoja. Mwanamke mmoja alipokabidhi gunia lake alijifunika uso kwa kanga Dionisi alipoinua skana, akalisukuma gunia kwa mguu.

Nilipokwenda kisimani mazungumzo yalikatika. Nikaondoka, nikasikia nyuma yangu neno moja, mumiani. Nilikwenda mbio hata ndoo ikafika nyumbani nusu.

Nimekua nalisikia neno hilo kama hadithi za kutishia watoto: watu wa magari na vifaa, wanaonyonya damu wakauze. Lakini najua pia kwamba wapo watu waliowahi kuuawa kwa neno hilo hilo, watu wa kazi tu kama mimi, na karatasi zao zote mfukoni.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepata wazo. Nimekaa na skana zote asubuhi, nimeingia kwenye mipangilio, nimezima mlio kabisa na kuupunguza mwale mpaka hauonekani vizuri mchana. Kwenye boksi la ruta nimebandika plasta nyeusi juu ya taa inayowaka na kuzima. Sasa hakuna pii, hakuna kitaa. Nimejisifu.

Jumapili, 18 Mei

Nimefanya ujinga. Dionisi kasikia njiani kutoka kanisani: "Wamejua tumewajua. Sasa inanyonya kimya kimya." Na lile boksi, wanasema tumelifunga jicho lisionekane likitazama.

Namwomba Mungu nisipate wazo jingine.

Jumanne, 20 Mei

Balbina ana homa.

Jumatano, 21 Mei

Homa haishuki. Nimempa mama yake panadoli zangu, nikamsihi ampeleke zahanati. Anasema kesho. Ananijibu vizuri, lakini amehamisha jamvi la mtoto kutoka karibu na mlango wangu.

Mvua imeharibu betri ya sola ya ghalani, kwa hiyo skana nazichajia chumbani kwangu. Leo asubuhi nilimkuta Mama Balbina amesimama mbele ya mashine, mikono nyuma.

"Jana kale kamchoro kalikuwa chini, kekundu," akasema. "Leo kamejaa."

"Ni chaji, mama. Kama simu."

"Imejaa nini, Eveline?"

"Umeme. Kutoka kwenye sola yako mwenyewe."

Mwanamke huyu amenipikia ugali na kambale tangu nilipofika, amenifulia siku nilipoumwa tumbo. Macho yake leo yalikuwa ya mtu anayetaka sana kuniamini. Hilo ndilo limenitisha kuliko kama angenitukana.

Alhamisi, 22 Mei

Zahanati wamempima, ni malaria, na damu imepungua sana. Wamempa dawa ya kuanzia na barua ya rufaa aende Mlimba leo leo. Baba mtoto yuko bondeni, mwamuzi ni Fidelis, naye amekataa. Amesema hospitali haiwezi kurudisha kilichochukuliwa na mashine, watamzungusha mtoto afie njiani. Barua iko chini ya godoro.

Viganja vya Balbina vimekuwa vyeupe. Nilimwambia "pii" taratibu, akafumba macho.

Dereva wetu ameondoka na gari tangu juzi. Alisema anafuata betri Mlimba. Simu yake haipatikani.

Ijumaa, 23 Mei

Nitaandika yote.

Walikuja asubuhi, umande haujakauka. Nilikuwa ghalani na Dionisi. Nikasikia miguu mingi na hakuna maongezi. Fidelis mbele, nyuma yake vijana waliotoka kuvuna, miundu yao mkononi. Sijui kama waliibeba kwa ajili yetu au kwa sababu ndiyo kazi ya msimu. Nilifikiria hilo wakati ule, sijui kwa nini.

Dionisi akajaribu. "Karibuni, karibuni. Leo mmekuja wengi hivi, nani anaolewa?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akampiga kofi, mdomo ukapasuka. Nilimwona Dionisi anashangaa. Nadhani hakuwahi kuwa mahali ambapo mzaha wake haufiki.

Nikasema nitawaonyesha. Nikachukua bisibisi, nikaifungua skana mbele yao juu ya gunia, nikatoa betri, nikatoa kioo, nikaweka kila kitu wazi. Skrubu zilimwagika, sikuziokota. "Tazameni," nikasema. "Iko wapi damu humu? Hata tone?"

Walisogea wakatazama kweli. Kwa muda mfupi nikadhani tumepona.

Fidelis akasema, "Haiwezi kuwepo. Wewe mwenyewe ulimwambia mwenyekiti. Ikipiga mwale tu, kinapita hewani, Ifakara wanakipokea saa hiyo hiyo."

Maneno yangu, moja baada ya jingine.

Hapo akaingia Mzee Joachim. Hakupiga kelele. Alivuta kiti kibovu cha mapokezi, akakiweka mlangoni katikati, akakaa, fimbo magotini. "Hakuna atakayemgusa mtu," akasema, "mpaka mama wa mtoto aseme." Kumbe huyu niliyekuwa namwogopa ndiye pekee aliyesimama kati yetu na miundu ile, na alikuwa mzee, na alikuwa amekaa.

Mama Balbina akaja, mtoto mgongoni, kichwa kinaning'inia. Akapiga magoti mbele yangu. Si kwa hasira. Alipiga magoti kama mtu anavyomwomba daktari.

"Eveline, mwanangu. Umekula kwangu. Nakuomba umrudishie Balbina damu yake. Sitasema kwa mtu. Sitadai kitu. Mrudishie tu."

Nilitaka kusema mashine haichukui damu. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama Balbina: anapumua haraka haraka, pua zinapanuka, midomo haina rangi. Nikajua kwamba nikisema kweli, watamrudisha ndani kwenye jamvi, na jioni hatakuwepo. Na baada ya hapo Dionisi naye hatakuwepo, na mimi.

Nikasema, "Hapa haiwezekani. Damu inarudishwa Ifakara."

Mama Balbina akainua uso.

"Iko hospitali kubwa," nikaendelea, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Kule ndiko inakopokelewa, na kule ndiko inakorudishwa. Ila lazima mtoto afike mwenyewe, na afike upesi. Ikichelewa inaharibika."

Mama Balbina akafunika uso. Watu wakaguna wote, mguno wa walioambiwa walichokuwa wanakijua.

Dionisi alinitazama, damu inamtoka mdomoni. "Dada Eveline," akasema polepole, "umeniuza."

Fidelis akasema pikipiki mbili zipo. Mimi niende na mama na mtoto. "Huyu anabaki. Mtoto akirudi mzima, atatoka. Asiporudi…" Hakumalizia.

Nilipopita mlangoni Mzee Joachim alinishika mkono. "Usilete polisi. Wakionekana hata kule mtoni tunapovukia, vijana hawa hawataniacha na hiki kiti."

Sikumbuki vizuri njia. Nakumbuka mgongo wa Mama Balbina mbele yangu, tope, na mguu mdogo wa mtoto unaochezacheza nje ya kanga. Mlimba walimpokea mbio, wakamchoma sindano, wakatupakia kwenye gari la wagonjwa.

Jumamosi, 24 Mei

Ifakara. Yuko wodini, hajaamka sawasawa.

Wamesema anahitaji kuongezewa damu, na ndugu wachangie kurudishia akiba. Mama Balbina alirudi nyuma mpaka ukutani. Nikatoa mimi. Naogopa sindano tangu utoto, nilimshika mhudumu nguo mpaka akacheka. Mama Balbina alisimama mlangoni akaitazama damu ikitoka mkononi mwangu, ikipita kwenye mpira, ikijaza mfuko.

Yangu ilikwenda kupimwa, Balbina akaletewa iliyokuwa tayari. Lakini nani angemweleza hilo? Muuguzi alikuja na mfuko. Ulikuwa na lebo ya mistari. Mtoto alikuwa amefungwa utepe mkononi, nao una mistari. Muuguzi akatoa skana mfukoni, akamulika mfuko, mstari mwekundu, pii. Akamulika mkono wa Balbina. Pii. Wanahakikisha mfuko ni wa mgonjwa huyu, ndiyo kazi yake, kazi nzuri kabisa.

Mama Balbina akanikamata kiganja mpaka kikauma.

"Ni ile ile," akasema.

Nikaitazama damu ikishuka kwenye mpira.

Jumapili, 25 Mei

Steven anataka kupeleka polisi. Nimemwambia akifanya hivyo aandae na jeneza. Nimemfokea bosi wangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Mchana Mzee Joachim kapiga simu. "Kijana wako anakula. Vijana wanauliza." Mama Balbina akachukua simu kabla sijajibu. "Bado," akasema. Nilitamani kumnyang'anya, niseme mtoto amepona, anacheza. Nilikuwa tayari kusema uongo wa pili. Wa kwanza ukishatoka, wa pili hauombi ruhusa.

Jumatatu, 26 Mei

Bado.

Jumanne, 27 Mei

Balbina kaomba uji. Kaumwaga wote kitandani akaomba mwingine. Nimelia kwenye korido, mbele za watu, kwa sauti.

Mama Balbina kampigia kaka yake mwenyewe. Alikuwa anacheka. "Wamemrudishia, Fidelis! Nimeona kwa macho yangu. Imetoka mkononi mwa Eveline, ikaingia kwa mtoto, na ile mashine ikalia. Waambie wote!"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Waambie wote. Nimeokoa watu wawili, namshukuru Mungu, na nimetoa ushahidi dhidi yangu ambao hakuna hakimu atakayeufuta.

Nilijaribu. Jioni nikamwambia, "Mama, ile mashine haichukui damu. Nilisema vile ili mje." Alinipapasa bega kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Usiogope," akasema. "Nimeshakusamehe."

Jumapili, 1 Juni

Dionisi kafika na treni. Nilimfuata stesheni. Amekonda, mdomo umepona vibaya. Nilitegemea atanitania, hata matusi ningepokea.

"Baada ya ile simu walinipikia jogoo," akasema. "Wakanitandikia kitanda. Fidelis alininawisha mikono. Nikala, Eveline. Niliogopa kukataa."

Hakuniita dada. Tumetembea mpaka chumba alichopanga bila neno jingine. Sijawahi kusikia ukimya wa Dionisi, na sitaki kuusikia tena.

Jumatatu, 9 Juni

Steven ana furaha. Mwenyekiti amepiga simu, watu wanataka kituo kifunguliwe, mpunga uko tayari, na wanamtaka fundi Eveline aje mwenyewe. "Umeona? Mambo yameisha," anasema. Amempangia Dionisi pia, maana ndiye mpokeaji. Dionisi ana mama wa kulisha, hakukataa. Nami sikukataa. Nimwache aende peke yake tena?

Skana nimezipanga upya hapa hapa ofisini. Mlio nimeurudisha, mwale nimeurudisha. Bora wasikie na waone.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika asubuhi. Jua kali, njia imekauka. Magunia matupu ya kampuni yamejaa nyuma ya gari hadi juu. Njia nzima niliyatafuta kwa macho mawe mikononi mwa watu. Sikuona hata moja. Watu walisimama pembeni wakatupisha, wanaume wakavua kofia.

Mbele ya ghala palikuwa na foleni ndefu mpaka barabarani. Nikamwambia Dionisi, "Ona, mpunga."

"Hawana magunia," akasema. "Mimi sishuki."

Kweli hawakuwa na magunia. Walikuwa kina mama na watoto mgongoni, mzee aliyeletwa kwenye baiskeli, dada mmoja mjamzito amevimba miguu. Wameketi kwa utaratibu, wametulia. Wote walikuwa wamekunja mikono ya nguo zao, wameacha ngozi wazi.

Mama Balbina ndiye aliyekuwa anawapanga. Balbina yuko ubavuni mwake, mashavu yamerudi, anakula muwa. Alinikumbatia mbele ya watu.

"Nimewaambia wasikuogope," akasema. "Nimewaambia wewe si mbaya. Wewe ukichukua, unarudisha. Warudishie na hawa."

Nilisimama na begi la skana begani, na sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya miundu. Siku ile niliogopa kifo. Leo niliyaogopa macho yale yote yanayonitegemea. Nikisema kweli, watanyanyuka mmoja mmoja wawarudishe wagonjwa wao ndani, na barua za rufaa zitabaki chini ya magodoro. Nikisema uongo wangu tena, watapanda gari. Lakini mwakani atakuja kijana mwingine na kitaa chake chekundu, wa vyandarua, wa mbegu, wa sensa, asiyejua lolote, na hatakuwa na cha kuwarudishia. Atakapouliza amekosa nini, watamwambia fundi Eveline mwenyewe alikiri.

Nikamtazama Mzee Joachim. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Aliinamisha macho. Anajua kwamba nilidanganya, nadhani, na amejua tangu siku ile. Hakunisaidia.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Fidelis. Hana mundu leo. Kifuani ameshika kichanga chake, kimefungwa kwenye kitenge cha mkewe, kinapumua haraka haraka. Fidelis amenizidi umri sana, ndevu zake zimeanza mvi. Akasogea, akakunja magoti kidogo, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Watu wote walisikia. Hakuna aliyeshangaa. Nikaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, likaniunguza.

"Marahaba," nikaitikia, na nikamwambia dereva ashushe magunia, wagonjwa wapate pa kukaa.